Salamu Iliyongoja Jumamosi

Ukifika Kirumba ukauliza Hispania iko wapi, hata muuza dagaa wa Mwaloni atakuonyesha kwa kidole. Ni ile nyumba ya ghorofa yenye rangi ya maziwa, iliyokaa juu ya mawe, imeipa mgongo barabara na kulitazama ziwa. Jina hilo iliwekewa na watu wa mtaani. Waliona watu wazima wanane, Watanzania wenzao kabisa, wanaingia getini na mabegi, na kuanzia siku hiyo hawakusikia tena neno la Kiswahili likitoka mle ndani. Ni kicheko na Kihispania tu, basi. Mmoja wa wale wanane alikuwa Prudencia Kashaija.

Prudencia ni Mhaya wa Kagera aliyeolewa na Msukuma, na kazi yake ni udereva wa magari ya watalii. Najua, umeshaanza kushangaa. Na ashangae anayeshangaa, mwanamke huyu kalivusha Land Cruiser kwenye mito ambayo wanaume waliegesha wakakaa kungoja maji yapungue. Shida ilikuwa moja tu. Wageni wake wengi walitoka Hispania, na aliyewaelezea mambo alikuwa kijana wa Arusha aliyekaa kiti cha pembeni. Kijana anatazama fisi anasema ni mbwa mwitu, wageni wanapiga picha, wanashukuru, na Prudencia ameshika usukani anatabasamu kama picha ya kwenye kalenda. Miaka tisa hiyo! Anamjua kila chui wa Serengeti na mti wake, lakini mdomo hana.

Ndiyo maana kampuni yao ilipoleta mafunzo ya wiki nane, Prudencia alikuwa wa kwanza kuandika jina. Mwalimu aliitwa Inés, mwembamba, miwani kwenye kamba, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Atakayemaliza wiki nane anapewa beji ya kuongoza wageni. Atakayefukuzwa anarudi kwenye usukani na tabasamu lake, na asitegemee awamu nyingine, kwa sababu Inés akimaliza anarudi kwao moja kwa moja.

Sasa usikie kufukuzwa kwenyewe kulivyokuwa. Siku ya kwanza kila mwanafunzi alibandikwa vibanio vitatu vya nguo kwenye ukosi, vibanio hivi hivi vya kuanikia. Neno lolote lisilo la Kihispania ukilitamka ndani ya uzio, kibanio kimoja kinang'olewa. Vikiisha, unafunga begi. Simu zilikusanywa, zikawa zinatoka Jumapili jioni tu, na hata hapo unaongelea nje ya geti.

Wote wanane waliapa, wakalala wakiwa na vibanio ishirini na vinne. Kabla ya chai ya asubuhi vilikuwa vimebaki kumi na sita.

Nani aliwamaliza? Mzee Nkwabi, mlinzi. Mzee wa watu alikuwa anafagia majani kwenye kibaraza, ndevu nyeupe, hana habari na mtu. Wa kwanza akatoka chumbani, akamwona: "Shikamoo." Kibanio kikaenda. Wa pili akatoka, akaona mwenzake anavyong'olewa, akacheka, akageuka: "Shikamoo, mzee." Hivyo hivyo hadi wa nane, ambaye ndiye Prudencia. Inés alidhani wanamfanyia mzaha. Aliwaeleza kwamba mzee anasalimiwa *buenos días*, yaani habari za asubuhi. Wakamuuliza, kwa Kihispania chao cha kubabaika, na mtoto je? *Buenos días*. Na babu yako? *Buenos días*. Wakatazamana. Jamani, utamwambiaje mtu mwenye umri wa babu yako maneno yale yale unayomwambia mtoto wa chekechea? Hakuna aliyeweza. Kuanzia kesho yake wakawa wanapitia mlango wa jikoni kama wezi ili wasikutane na Mzee Nkwabi, naye akaanza kulalamika kwa wauza dagaa kwamba vijana wameenda Ulaya bila hata kuvuka ziwa na adabu imeshawatoka.

Maisha ya Hispania yalikuwa na raha zake lakini. Kengele saa kumi na mbili, mazoezi, halafu mnafua nguo huku mnanyambua vitenzi. Adhuhuri mnapika. Siku Inés alipowafundisha chakula cha fahari cha kwao, viazi vilivyokaangwa vikamwagiwa mayai, Nathaniel, dereva mwenzake Prudencia, alikitazama kikaangio kwa huzuni akasema, "Sasa si chipsi mayai hii?" Akavua kibanio mwenyewe, bila kuambiwa. Jioni wanakaa juu ya mawe wanabishana kuhusu mpira, na wiki ya tatu Prudencia alishtuka kugundua kwamba ametukana mwamuzi kwa Kihispania bila kufikiri kwanza. Alifurahi mpaka akakosa usingizi.

Kibanio chake cha pili kilichukuliwa na kenge. Aliingia bafuni akamkuta amejinyoosha kwenye ndoo, mkubwa kama mkono wa mtu, na maneno yaliyomtoka Prudencia yalikuwa sita au saba, yote ya Kiswahili, mengine hata hayasemwi mbele za watu. Inés alimtoza kibanio kimoja tu, kwa kuwa yeye mwenyewe wakati huo alikuwa amesimama juu ya meza.

Kikabaki kimoja. Prudencia akawa anakishika kila saa, kuhakikisha kipo. Wiki ya tano ikapita, ya sita, ya saba. Jumapili moja mumewe, Shigela, alimwambia kwenye simu kwamba binti yao Dorcas hajambo, ila Baba anauliza sana uko wapi.

Huyo Baba ni Mzee Machibya wa Kisesa, baba mkwe wake. Siku Shigela alipompeleka kwao kumtambulisha, mzee aliuliza mbele ya ukoo mzima, "Mhaya? Nshomile, wale wa kujisifia kusoma? Majivuno hayo mtayaweka wapi?" Watu wakacheka, Prudencia naye akacheka, lakini lilimchoma. Tangu hapo kila akienda Kisesa anapiga magoti mpaka chini, anasema shikamoo baba, na mzee anaitikia marahaba huku macho yake yako kwa ng'ombe. Miaka tisa anaitikiwa na mtu anayehesabu ng'ombe. Hakuwahi kumwambia Shigela jinsi linavyomuuma, lakini lilimuuma sana.

Alhamisi ya wiki ya nane, zikiwa zimebaki siku mbili, walikuwa kibarazani wanakunywa chai ya saa nne, Inés kichwani mwa meza. Geti likalia. Mzee Nkwabi akafungua, na hapo hapo akaingia Mzee Machibya, kofia kichwani, fimbo mkono mmoja, mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mkono wa pili.

"Nimeambiwa mke wa mwanangu yuko ng'ambo," alimwambia Nkwabi, waliyejuana naye tangu ujana, kwa sauti ya kusikika Mwaloni. "Nikasema ng'ambo gani hiyo, nimetoka Kisesa asubuhi na nimefika chai haijapoa?"

Akapanda ngazi, akakaa kwenye kiti, akaweka fimbo chini. Akangoja.

Prudencia alikishika kibanio chake. Nathaniel alimnong'oneza kwa Kihispania kizuri kabisa: kimbilia chooni. Lakini mzee alishamwona. Prudencia akainuka, akaenda, akapiga magoti mpaka chini kama siku zote, akainamisha kichwa. Alidhani labda magoti yatatosha. Mzee anangoja. Meza nzima inangoja. Magoti bila neno ni dhihaka, na Prudencia alijua hivyo kuliko mtu yeyote pale. Akimwambia *buenos días* huyu, Kisesa hatakanyaga tena, ataitwa nshomile mpaka azikwe. Na akisema lile lingine, wiki nane zimekwenda na maji.

"Shikamoo, baba," alisema.

Akakishika kile kibanio, akakivua mwenyewe, akanyoosha mkono na kukiweka mezani kando ya kikombe cha Inés. Machozi yakamtoka. Hakujaribu kuyaficha.

Mzee Machibya alikuwa ameshafungua mdomo, akaufunga. "Ana nini huyu? Kuna msiba?"

"Hamna msiba, Machibya," alisema Mzee Nkwabi kutoka kwenye ngazi. "Humu ndani Kiswahili ni marufuku. Hicho kidude ndicho kilikuwa cha mwisho. Hiyo shikamoo yako ndiyo imemfukuza shule."

"Alikuwa anajua?"

"Wote wanajua. Mimi wananikimbia wiki ya nane sasa."

Mzee Machibya alimtazama mkwewe pale chini. Alimtazama kwa muda mrefu, na hapakuwa na ng'ombe karibu. Kisha akamgeukia Nkwabi.

"Nkwabi, wewe ni shahidi. Mimi nimeitikia?"

"Bado hujaitikia."

"Basi huyu hajanisalimu. Shikamoo isiyoitikiwa bado iko njiani. Mwambieni huyo mwalimu amrudishie kidude chake."

Inés alikuwa anawatazama kwa zamu, haelewi kitu. Akauliza mzee anasema nini, na wanafunzi wote saba wakamtazama Prudencia. Naye, magoti bado chini, alifuta uso kwa kiganja akaanza kueleza. Alieleza kwa Kihispania kwamba kwao salamu hubebwa na watu wawili, mdogo anainua upande huu na mkubwa anapokea upande ule, na mkubwa asipopokea basi haijafika. Alieleza kwamba huyu ni baba wa mumewe, mtu ambaye hajawahi kumpendelea, na sasa hivi ameamua kuufunga mdomo kwa ajili yake. Hakutafuta neno hata moja. Nathaniel anasema yeye mwenyewe alisahau kunywa chai yake.

Inés alivua miwani. Akawauliza wengine kama hayo ni kweli, wakaitikia wote kwa vichwa. Akakichukua kibanio, akainama, akakirudisha kwenye ukosi wa Prudencia.

"Mwambie," alisema, "asithubutu kuitikia kabla ya Jumamosi saa sita."

Prudencia hakuweza kumwambia, kwa sababu alikuwa na kibanio tena. Ikabidi aonyeshe vidole viwili vya siku, kisha sita vya saa, na kufunga mdomo wake kwa mkono. Mzee akaelewa. Akaacha michembe mezani, akachukua fimbo, akaondoka amebana midomo utadhani kameza kitu cha moto.

Jumamosi saa sita na dakika chache Prudencia alitoka getini, beji kifuani. Shigela na Dorcas walikuwa pale, na juu ya jiwe, kando ya Mzee Nkwabi, alikuwa amekaa Mzee Machibya.

"Hajarudi Kisesa," Shigela alimnong'oneza. "Tangu Alhamisi yuko kwetu na hajaitikia shikamoo ya mtu yeyote, hata ya Dorcas. Anasema kuna iliyotangulia."

Prudencia alitua begi, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi. Alikuwa na lugha mbili nzima mdomoni na hakuna iliyotoka. Haikuhitajika.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Machibya, na alikuwa anamtazama yeye.