Sufuria Inavuja

Kazi yangu Arua ni kuyeyusha aluminiamu kuukuu na kumwaga sufuria. Shule niliacha siku mwalimu alianza kuweka herufi ndani ya hesabu. Lakini mutu akitaja jina ya chuma, mimi nasikiliza kama profesa.

Siku moja dada yangu mkubwa, mwenye iko Kuluba, alituma neno kwa simu ya jirani: "Kaka, sufuria yangu inavuja." Nikabeba nyundo na mabati ya kuziba, nikapanda pikipiki mpaka kwake. Nikauliza, "Iko wapi, nione shimo." Dada akafunika uso na leso.

Jirani yake, mama mkali, akanivuta nje. "Wewe mjinga, weka nyundo chini! Dada yako anatoka damu, na ya mwezi iliacha yeye zamani. Atakwambia namna gani, na wewe ni kaka yake?"

Nikaweka nyundo chini.

Hospitali ya Arua ilikuwa imeangalia yeye, wakasema arudi wakate kanyama kidogo kwa mlango wa uzazi, wapime kama ni kansa. Dada hataki. Alikuwa amenunua vidonge soko ya Koboko.

"Hii ni seleniamu, kaka. Iko ndogo kushinda vumbi. Inatafuta kansa, inaua. Kukatwa ya nini?"

Seleniamu! Mimi nikasikia ndugu ya aluminiamu. "Dada, hiyo kitu nachoma kila siku. Unataka kula sufuria?"

Tukaenda Koboko kwa muuzaji wa vidonge. Nikapasua kidonge kimoja, nikanusa.

"Bosi, mbona hii inanuka mihogo?"

"Sayansi iko na harufu mingi, mzee."

"Na hospitali wakikata?"

"Mama akikatwa, kansa inakasirika, inakimbia mwili yote."

Dada akatingisha kichwa, amekubali. Pale nikaogopa kweli. Muuzaji sikuamini, lakini hata hospitali sikuamini sana: mbona wako na haraka ya kukata mutu? Nikamwambia dada, twende hospitali tuulize tu. Kuuliza haitoi damu.

Nesi akasikia maneno yangu ya sufuria, akacheka mpaka akakaa.

"Seleniamu hapana aluminiamu, mzee. Hata kwa chakula iko, kidogo. Hizo chembe zake ndogo-ndogo wataalamu wanajaribu kwa maabara, labda siku moja zitasaidia kuona kansa ya wamama na kutibu. Sasa bado. Sisi hatuna, na mutu wa soko pia hana."

"Na kisu yenu? Haikasirishi kansa?"

"Nani alisema? Tunakata kama punje ya mtama. Bila hiyo hatujui kama ni kansa, basi tutatibu nini?"

Dada akauliza, "Na nikingoja?"

"Kama ni kansa yenyewe, mama, haitakungoja."

Dada akasimama. "Kaka, baki hapa. Haya si ya macho yako."

Mlango ukafungwa. Nikaweka sikio pale kama mwizi wa kuku. Dada akalia mara moja, halafu akaanza kutukana nesi kwa Kikakwa, matusi mazito, na nesi anajibu tu, "Pole, mama, pole, tumemaliza." Majibu yalikuwa bado. Lakini kanyama kalikuwa tayari ndani ya kichupa ya maabara, na hata mimi na shaka yangu yote hatuwezi kukarudisha.