Mkono wa Pili Kilimani Shap

Wilf Sagar aliendesha malori yasiyo na paa. Miaka ile kiwanda chetu cha Lancashire kiliuza malori kila pembe ya dunia, ila kila lori lilitoka getini likiwa uchi: chasisi, injini, magurudumu, usukani, na sanduku la mbao la kukalia. Bodi zilijengwa na mafundi wengine, baadhi yao mbali huko Uskochi. Basi Wilf, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alitandaza magazeti kifuani chini ya shati, akavaa koti zito na miwani ya upepo, akaingia mvuani.

Walikwenda kwa msafara. Vioo vya kutazamia nyuma havikuwapo, kwa hiyo madereva walikuwa na desturi yao: ukifika kileleni, geuka, inua mkono, wa nyuma yako naye ainue wake. Ndipo uteremke.

Januari moja, juu ya kilima cha Shap, theluji ilimchapa Wilf shingoni, asigeuke. Eric Tyldesley, aliyemfuata, alikutwa asubuhi bondeni, chini ya chasisi yake.

Tangu hapo Wilf, hata akiwa wa mwisho, alikuwa akisimama Shap. "Kuna mtu nyuma," alisema. Ogden, msimamizi wao, akachoka.

"Sagar, hata mimi nilimzika Eric. Ukisimama tena pale, barabara basi. Utanihesabia nati ghalani."

"Nimesikia, mkuu."

Barabara ndiyo kazi pekee aliyoipenda.

Safari iliyofuata, nyuma yake alikuwa Harry Pilling, mtu wa mzaha. "Huyo mzimu wako akitokea, mzee, mwombe sigara."

Kileleni ukungu ulikuwa mzito. Wilf aligeuka. Akauona mkono wa Harry. Nyuma ya Harry, mkono wa pili.

Angeweza kuteremka. Akazima injini, akarudi kwa miguu.

Harry naye akazima yake. "We Wilf, una wazimu? Ogden atakutafuna!"

"Nyuma yako nani?"

"Nani tena? Mkia ni mimi." Harry akageuka amwonyeshe, akasikia.

Injini zao mbili zilikuwa kimya. Ya tatu ilinguruma ukunguni, haiji, haiondoki.

"Mjibu," Harry alinong'ona. "Mjibu, bwana, twende zetu."

Wilf akainua mkono, akauacha juu mpaka ukamuuma. Mngurumo ukafifia, ukaisha.

Waliporudi, Ogden aliuliza kilichowachelewesha.

"Injini yangu ilichemka, mkuu," Harry akawahi.

"Haikuchemka," Wilf akasema. "Nilisimama mimi."

Nje, Harry alimshika koti. "Mjinga we! Nilishakuokoa."

"Najua. Ila Eric nilishampita mara moja kana kwamba hayupo. Siwezi kumpita tena kwa uongo wa mdomo."

Jumatatu alianza ghalani. Doreen, mkewe, aliniambia kwamba kila mvua iliponyesha, Wilf alisimama dirishani akiwaonea wivu wanaolowa.