Saa ya Mahari Iliyonyweshwa Mawese

Alasiri ile nilikuwa nakamua mawese tangu alfajiri, mikono imekufa ganzi, na bado nilitakiwa kuposwa.

Mchumba alikuwa mvuvi wa hapa hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Mahari aliyoiweza ilikuwa saa kuukuu ya mezani ya Kimarekani, urithi wa babu yake aliyefuata misafara ya Ujiji. Wa kuipima alikuwa baba mdogo, seremala, aliyenilea baada ya baba kufa na mwenye haki ya kuniozesha. Wachumba wawili alikwisha kuwarudisha: wa kwanza kwa sababu ya ukoo, wa pili kwa kucheka sana. Nilikuwa nimechoka, jamani. Wenzangu walikuwa na watoto wanaotembea.

Nilichungulia nyuma ya pazia la mkeka. Baba mdogo aliivua saa uso wake, akainama kuitazama. Ndani hamkuwa na shaba kama saa ya Mdachi, yule Mjerumani wa kule bomani. Magurudumu yote yalikuwa ya mbao, meno yamechongwa vizuri hata akasahau kujifanya mkali. Kisha akanusa. Akajaribu kuzungusha gurudumu kwa kidole, likagoma.

"Nani alitia mawese humu?"

"Ni mama, baba," mchumba alijibu. "Kitu ya mubao haiendi ukweni ikavu."

Ni kweli, ndivyo tulivyofanya: kinu, kigoda, sanduku, vyote vilipakwa ving'ae kabla ya kupelekwa ukweni. Lakini mbao zile zilikuwa zimeyanywa mafuta, zikavimba, meno yakabanana. Na mawese yenyewe mama yake alikuwa ameyanunua kwangu.

"Saa hii ilisha kufa," baba mdogo akasema. "Mahari mufu siipokei. Murudi nayo."

Mchumba aliinama kuifunga kwenye kitambaa chake. Sikuweza kuvumilia tena. Nikatoka mbele ya wanaume, mafuta yakiwa bado mikononi.

"Baba mudogo, mahari iko yangu. Naipokea."

"Haitembei. Utaifanyia nini?"

"Saa ya kusali naijua kwa jua. Mimi nataka mume."

 Aliurudisha uso wa saa taratibu, akanikabidhi yeye mwenyewe.

Haikutembea hata siku moja. Mume wangu alichukuliwa na askari kubeba mizigo ya vita vya Wadachi, na hakurudi. Watu huniambia niipeleke kwa fundi aisafishe. Sitaki. Joto likizidi hutoa harufu ya mawese, nami hufungua kimlango chake, nikaketi nayo mpaka nipate nguvu ya kuinuka.