Kopo la Jibini Lenye Jina la Abdiel

Watu wa mtaa wetu hapa Kijenge wanamwita Mama Jibini, na wengine wanalisema jina hilo kwa kebehi. Jina lake ni Skolastika. Mimi ni Eunike, fundi cherehani, jirani yake. Ukuta wa jiko lake ndio ukuta wa chumba changu cha kushonea, na harufu ya kitunguu saumu chake imeshaingia mpaka kwenye vitambaa vya wateja wangu. Nitasimulia habari zake kama nilivyoziona na kama alivyonieleza mwenyewe. Pale nilipokosea mimi nitasema, maana nimechoka kukaa nalo moyoni.

Skolastika ni Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki. Alikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya watalii kule Usa River, na huko ndiko alikojifunza jibini. Aliolewa na Abdiel, Mmeru na Mlutheri, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa vicheko na kitambi chake. Mama mkwe, Mama Anyesi, anaishi mlimani juu ya Makumira, na hakuwahi kuficha kwamba alitaka mwanawe aoe Mmeru mwenzake. Hata hivyo kila Jumamosi alituma lita tatu za maziwa ya ng'ombe wake. Skolastika aliyategemea maziwa yale kuliko salamu.

Mwaka juzi Abdiel alianza kukonda. Akawa anakunywa maji ndoo nzima, na macho yakaanza kuona ukungu. Hospitali wakasema ni kisukari, tena cha kuchoma sindano kila siku. Nesi akamtajia vya kuacha: ugali, wali, ndizi, chapati, soda, hata mbege, pombe ya ndizi. Akarudi, akakaa kwenye kigoda nje ya mlango wangu.

"Eunike, sasa mtu anabaki kula nini? Kuni?"

Tulicheka, lakini niliona kabisa kwamba ameumia. Yule bwana hakula ili ashibe tu. Jioni akishazima mashine alikaa na mafundi wenzake, wakatafuna chips na mihogo huku wakibishana mpira. Asiye na cha kutafuna pale huondoka mapema, na Abdiel akaanza kuondoka mapema.

Basi Skolastika akaingia jikoni. Alichemsha maziwa ya mama mkwe, akakamulia ndimu mpaka yakakatika, akayachuja kwa kitambaa safi nilichompa mimi. Lile donge alilikandamiza kwa jiwe mpaka asubuhi, akalikata vipande vidogo vya kutosha mdomo mmoja. Kisha akaponda pilipili mbuzi, kitunguu saumu, tangawizi na mbegu za giligilani, akachanganya na chumvi kidogo na mafuta ya alizeti, akavizamisha vipande humo ndani ya kopo. Siku mbili kopo lilikaa kwenye friji, halafu akavikaanga juu juu.

Abdiel alitia kimoja mdomoni kama mtoto anayenyweshwa dawa. Akatafuna, jasho likamtoka puani, akachukua kingine. Tangu siku hiyo alikwenda barazani na kopo lake. Wenzake walimtania kwamba amekuwa mzungu, wakaonja, wakamalizia. Sukari yake ikatulia. Nesi alimsifu mbele ya wagonjwa wengine, naye akarudi akitusimulia sifa hizo mara tatu. Ule mwaka walikuwa na furaha, sitasema uongo.

Jambo moja tu lilinikera. Abdiel alimwapisha mke wake asimwambie mama yake kuhusu ugonjwa.

"Alimzika Baba, akamzika na dada yangu. Akisikia na mimi naumwa, presha itamchukua," alisema. "Mama asijue."

Krismasi ikafika, nao wakawa wanapanda kwenda kwa mama kwa siku tatu. Skolastika alikosa usingizi wiki nzima. Siku tatu za loshoro na mbege, na mumewe hataki kusema anaumwa! Akatengeneza kopo kubwa kuliko yote, akapanga kumlisha chumbani kwa siri. Sindano akaziweka kwenye chupa ya chai yenye barafu. Mimi nikaja na busara zangu. Nikamwambia kule kuna watoto wengi, watalimaliza hilo kopo kabla ya ibada. Nikachukua maka peni yangu ya kuwekea alama vitambaa, nikaandika juu ya kifuniko kwa herufi kubwa: ABDIEL TU.

Kwa Wameru, kama ilivyo kwa Wachaga, chakula kinachoingia nyumbani kwa mama hukabidhiwa mama. Aliyekileta hukionja mbele ya watu, mama huonja, ndipo kinazunguka. Hata mbege, anayekukaribisha hupiga funda la kwanza mwenyewe. Maana yake ni kwamba ninachokupa hakina sumu. Na anayekuja na chakula chake pembeni, akaacha cha mwenyeji, amesema kuna sumu hata kama hajafungua mdomo. Skolastika anayajua hayo tangu utotoni. Mimi pia nayajua, na niliandika vilevile.

Siku ya Krismasi, watu wametoka kanisani, mezani kuna loshoro, yaani ndizi zilizopondwa pamoja na mahindi na maziwa ya mgando, bakuli la kutosha ukoo mzima. Manase, mdogo wake Abdiel, akaliona kapu la shemeji yake, akadhani ni zawadi za mama. Akalileta mezani, akaondoa khanga, akainua kopo na kusoma kwa sauti.

"Abdiel tu!"

Watu walicheka kwanza. Halafu kicheko kikakatika, wote wakamtazama mama.

"Mke wa mwanangu," Mama Anyesi akasema taratibu, "chakula changu kina nini?"

Skolastika alimtazama mumewe. Angesema neno moja, sukari, mambo yangekwisha. Au angetoa kipande akakila mbele yao. Lakini wangetaka kujua kwa nini ni cha Abdiel peke yake, na yeye alikuwa ameapa. Akainamisha uso kama mwizi aliyekamatwa.

Abdiel ndiye aliyesimama. "Mama, chakula chako hakina kitu," akasema. Akavuta bakuli, akala sahani mbili, akapokea kibuyu cha mbege, akanywa mpaka mama yake akatabasamu. Siku tatu alikula kila nyumba aliyoalikwa ili aibu ile ifutike. Kila Skolastika alipomshika mkono, alimjibu, "Ni siku tatu tu, mke wangu."

Walirudi Kijenge Abdiel akitapika, pumzi zikimwenda mbio. Skolastika alipofungua friji kumtafutia maji baridi, akazikuta sindano zote zimepangwa mlangoni. Abdiel alikuwa amezitoa kwenye chupa ya chai kabla ya safari ili ndugu zake wasizione, na kule kila asubuhi alimwambia mkewe ameshajichoma. Tulimpeleka hospitali mimi na mkewe. Alifariki siku ya pili, asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mbili.

Kopo lilikuwa bado ndani ya kapu, halijaguswa. Lakini nani angeamini? Kule mlimani watu walijua mambo mawili tu: mke alikuja na chakula cha mtu mmoja, na mtu huyo amekufa ndani ya wiki. Daktari aliandika sukari, watu wakasema karatasi hununuliwa. Msibani Skolastika alikaa kwenye mkeka wa wafiwa, na pande zote mbili za mkeka zilikuwa wazi. Nilikaa naye mimi. Hakumwambia mtu yeyote nani aliandika kile kifuniko, na mimi, Mungu anisamehe, sikufungua mdomo. Maziwa ya Jumamosi yakakoma.

Aliendelea kutengeneza jibini kwa ajili ya wagonjwa wengine wa kliniki, lakini mkono wake ulipoa. Kila alipoinua kifuniko alionja kwanza, hata akiwa peke yake jikoni. Nilimsikia kupitia ukutani akisema polepole, "Nimeonja." Hapakuwa na mtu. Nilikuwa nasimamisha cherehani yangu na kulia.

Jumamosi moja mwezi wa tisa tulisikia hodi. Alikuwa Mama Anyesi, amepungua, ameshika galoni ya maziwa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mama," tukasema.

"Marahaba." Hakukaa. "Manase amepimwa. Anayo sukari. Daktari amenieleza taratibu, akanitajia vya kuacha, akaniambia na mwenye sindano akikosa sindano inakuwaje." Akaibana galoni kifuani. "Nilimjazia sahani kwa mkono wangu. Nikafurahi anavyokula."

Skolastika akampokea galoni. Akaenda kwenye friji kwa mazoea, akatoa kopo lililokuwa tayari, akaliweka mezani na kulifungua. Alikuwa ananyoosha mkono aonje kama desturi yake, lakini bibi yule akawahi. Alichukua kipande, akakitia mdomoni.

"Mama, sijaonja," Skolastika akasema, amepigwa na butwaa.

"Najua."

Akatafuna taratibu. Machozi yakamtiririka, na pilipili ya Skolastika si ya mchezo, lakini ile haikuwa pilipili.

"Alikuwa anakipenda?"

"Alikuwa anakipenda sana, Mama."

"Mwaka jana ningejua, angekula hiki mezani kwangu?"

Skolastika akapiga magoti palepale, akaegemeza kichwa kiunoni kwa mama mkwe wake, akalia kilio ambacho msibani hakupewa nafasi ya kukilia. Bibi akamshika kichwa kwa mikono yote miwili. Hapo na mimi nikashindwa kuvumilia.

"Mama, yale maandishi ya kifuniko niliandika mimi. Si yeye. Ni mimi."

Akanigeukia. Nilitamani anipige, ningeona nafuu. Akafuta uso kwa ncha ya khanga, akafunga kopo, akalisukuma upande wangu.

"Kalamu hiyo bado unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Kwa Manase kuna watoto wengi. Andika jina lake," akasema. "Na ile *tu* usiisahau."

Nikaandika.