Bomba la Lori Nililoliziba

Vijana mtakaosoma haya, chekeni mmalize kabisa. Mwanangu Deo alimwita fundi aliwekee lori lake bomba la kuvuta hewa baridi ya nje, maana lori likivuta hewa ya moto ya injini lilikosa nguvu kwenye vilima vya Rusumo. Mimi nikaona mdomo wa bomba uko wazi, vumbi litaingia. Nikauziba kwa majani makavu ya mgomba, kama ninavyoziba kibuyu cha pombe.

Asubuhi lori, limejaa ndizi, likakohoa likazimika hapo hapo uani. Fundi akaitwa tena, nami nikamfokea mbele ya majirani: "Mwongo wewe! Ufundi ulijifunzia wapi?"

Akachomoa majani. "Bibi, kizibo hiki cha nani?"

Wajukuu wote wakanitazama.

Nikawaamuru: "Chinjeni jogoo. Fundi ale kwanza, mimi mwisho."