Tobo Chini ya Breki

Nilikuwa nimelala chini ya gari la mteja pale gereji, nikaona kiatu cha mtu kikitokea chini ya gari jingine lililokuwa linatembea.

Sitanii. Kiatu cheusi, kimepakwa dawa hadi kinang'aa. Kikachungulia chini ya gari, gari likasimama, kiatu kikarudi ndani.

Nikajua ni nani kabla mlango haujafunguliwa. Ninamjua mtu mmoja tu anayeweza kupaka viatu dawa halafu akaendesha gari lisilo na sakafu.

Shemeji yangu. Mume wa dada yangu mdogo.

Pale gereji tulimwita Mheshimiwa, kwa yale mashati yake ya pasi kali na ile tabia ya kutembea akizungusha funguo kidoleni. Kazi yake kubeba watoto wa shule, kumi na wanne, asubuhi na jioni. Mmoja wao ni binti yangu wa darasa la tatu.

"Shemeji, mwalimu mkuu kalikagua gari," akasema. "Kanipa mpaka Jumatatu. Sakafu isipotengenezwa, watoto anapewa mtu mwingine."

"Na hii kutu umeiona leo?"

"Nilikuwa nimefunika na zulia."

Zulia, jamani. Nje kapiga rangi mpya, viti kavivika vitambaa vyenye marinda, kwenye kioo kaning'iniza manukato. Chini watoto wanakanyaga kutu na zulia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nikalivuta lile zulia, nikaigonga sakafu ya upande wa dereva kwa bisibisi. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini.

Kuna fundi alishapita hapo kabla yangu. Aliweka kipande cha bati la paa, juu ya bati puti ya kuzibia, juu ya puti rangi. Mafundi wa namna hiyo nawadharau kuliko wezi. Mwizi angalau anajua kwamba anaiba.

Pedali nazo zilikuwa zinacheza kama jino la mtoto. Ya breki ilifungwa na mpira wa tyubu ili isiyumbe.

"Huu mpira kafunga nani?"

"Mimi."

"Basi usimwambie mtu."

Nikawasha grenda, nikakata kutu yote hadi nikakutana na chuma kizima. Nikachomelea fremu, juu yake nikalaza bamba nene, la kutoboa kwa shida. Pedali nikazipa bolti mpya, zikaacha kuyumba.

Nilipofika kwenye tobo la chini ya pedali ya breki, pale kilipochungulia kiatu, Mheshimiwa akasogea.

"Shemeji, pale usizibe kwanza, maana..."

"Maana nini? Unataka kubaki na dirisha la miguu?"

Mafundi wenzangu wakaangua kicheko. Na mimi, nisiwafiche, nilikipenda kile kicheko.

"Nisikilize kidogo tu," akasema.

"Mheshimiwa, kakae kule kivulini. Cheche zitakutoboa shati."

Akaenda kukaa. Nikaziba.

Mchana nikaingia kwenye kiti cha dereva, nikakanyaga breki. Ilishuka, ikakita, ngumu, haizami zaidi.

"Unaona?" nikamwambia. "Breki imekaza kama ya gari jipya."

"Naomba nilijaribu mimi," akasema taratibu.

"Kaa kiti cha pembeni ujifunze."

Dada yangu alikuwa amekuja kutuletea chakula, kamshika binti yangu mkono. Mtoto kuona gari linawashwa, akaparamia kiti cha nyuma kama kawaida yake. Sikumkataza. Nilitaka aone kazi ya baba yake.

Mtaa wa gereji yetu unateremka moja kwa moja hadi barabara kuu, kule kwenye malori.

Nikaliachia gari. Mwanzo wa mteremko nikakanyaga breki, gari likaendelea na safari yake.

Nikakanyaga tena kwa nguvu zote. Mguu ulikuwa umekita kwenye kitu kigumu, na gari linazidi kukolea mwendo.

"Haishiki," nikasema.

Shemeji hakupiga kelele. Akashika breki ya mkono, akawa anaivuta kidogo kidogo.

"Rudisha gia ya pili," akasema. "Sasa ya kwanza. Kata kulia, kwenye mchanga."

Kulia kulikuwa na rundo la mchanga wa watu wanaojenga. Tukaingia nalo hadi taa za mbele zikafukiwa. Lori likapita mbele yetu, hatua chache tu. Nikageuka nyuma. Binti yangu alikuwa amekumbatia kiti, mzima, macho yamemtoka.



Nikainama kuangalia chini. Kwenye bamba langu jipya kulikuwa na alama mbichi za pedali. Nilikuwa nakanyaga chuma changu mwenyewe.

"Breki ya gari hili ilikuwa inashikia chini kabisa," shemeji akasema. "Lazima pedali ipite kwenye lile tobo. Ndicho nilichotaka kukwambia."

Hapo nikapata pa kutokea. "Kwa hiyo ulikuwa unawabeba watoto wa watu na breki ya hivyo? Wewe una akili kweli?"



"Nilikuletea breki hiyo mara mbili, shemeji. Mara ya kwanza ukaniuliza nimekuja kutengeneza gari au kuposa. Mara ya pili ukawaita wenzako waje kuangalia viatu vyangu. Nikaondoka."

"Si ungekwenda kwa fundi mwingine?"

"Dada yako angeuliza kwa nini natengenezea nje wakati kaka yake ni fundi. Ningemwambia nini?"

Dada yangu alikuwa ameshafika mbio, kasimama hapo hapo na pumzi zake. Alisikia yote. Akamchukua mtoto, akaondoka naye.

Aibu niliyoipata siwezi kuieleza. Jumapili nzima nilikuwa chini ya lile gari. Nikabadilisha pedi, nikaweka bushi mpya ya pedali, nikarekebisha urefu wake hadi ikawa inashika juu, bila kugusa sakafu. Sikulipisha.

Bado namuona mjinga mtu anayebeba watoto na breki mbovu ili asichekwe. Ila mimi niliyemcheka ni kama ndiye niliyeendesha breki hiyo miezi yote tangu aliponiletea, nikiwa nimelala kwangu.

Nilichojifunza ni hiki: ukishamzoesha mtu dharau, atakuja kukuficha hata jambo litakaloua mtoto wako.

Binti yangu anaendelea kwenda shule na lile gari. Ila mpaka leo, mimi nikishika usukani, hataki kupanda.