Joto la Chombo cha Angani na Alama Nne za Ruth

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Manyoni, Mkuu wa Shule alinikabidhi boksi la chaki akasema zimo mia. Nikazihesabu mbele yake. Zilikuwa tisini na saba.

"Wewe mwalimu umetoka chuoni au mnadani?" akauliza.

"Kote kuwili, mkuu," nikamjibu, nikazihesabu tena. Sikutoka ofisini mpaka zile tatu zilipopatikana.

Nilifundisha fizikia miaka thelathini na moja. Enzi zetu kila muhula ulianza na azimio la kazi, yaani mpango wa mada gani ifundishwe wiki gani, tena kwa mkono. Mada niliyojivunia ni chombo cha angani kinaporudi duniani. Kinaingia kwenye hewa kwa kasi ya karibu kilometa nane kwa sekunde. Manyoni hadi Singida mjini kingetumia kama sekunde kumi na tano. Nimepiga hesabu mara mbili, bila kukisimamisha abiria wachimbe dawa kichakani. Mwendo wote huo hauwezi kupotea hivi hivi. Unageuka joto. Niliwaambia wanafunzi wasugue viganja, wakaitikia, "Msuguano!" Nami nikaridhika.

Kisha nikahamishiwa Kilimatinde, nikamkuta Madam Rehema. Yeye alikuwa wa kemia, ila alishika pia fizikia ya mkondo wa pili. Siku ya mada ile ya chombo aliingia darasani na pampu ya baiskeli. Akaziba tundu kwa kidole, akasukuma kwa nguvu, akawaita waguse. Pampu ilikuwa ya moto.

"Hewa ikibanwa ghafla inapata joto," akawaambia. "Chombo kinakuja kasi mno, hewa ya mbele yake haina muda wa kukwepa. Msuguano upo, lakini mchango wake mdogo." Akaeleza kwamba ndiyo maana chombo hupewa uso butu, ili hewa ile ya moto ibaki mbali kidogo na mwili wake, na kwamba ngao ya usoni huungua na kubanduka kidogo kidogo, ikiondoka na joto.

Wanafunzi wangu walikuwa wamejazana dirishani kwake. Nilihesabu kumi na wawili. Niliporudia, kumi na wanne. Usiku ule sikula vizuri.

Muda si mrefu Mkuu wa Shule wa pale akataka mwanafunzi mmoja wa kwenda mashindano ya sayansi mkoani. Mtihani nilitunga mimi, nikasahihisha mimi. Ruth, msichana wa mkondo wa Madam, aliandika hewa kubanwa. Mwongozo wangu wa usahihishaji, yaani orodha ya majibu yanayokubalika, ulisema msuguano. Nikampa sifuri kati ya nne. Mwanafunzi wangu akamzidi alama tatu.

Madam akanifuata ofisini na karatasi. "Mwalimu, hesabu tena."

"Nimehesabu mara mbili."

"Umehesabu alama. Jibu hujalihesabu."

"Pampu yako inapata moto kwa sababu ule mpira wa ndani unasugua bomba," nikasema. "Msuguano huohuo."

"Basi sukuma tundu likiwa wazi. Mpira si ni uleule?"

Alipoondoka nilijifungia stoo na pampu. Nikasukuma mara thelathini tundu likiwa wazi: vuguvugu. Ikapoa. Nikasukuma thelathini nimeziba, nikatoa kidole kwa kuungua. Nikarudia. Ikawa vilevile.

Kisha nikampelekea Mkuu wa Shule orodha ya alama. "Una uhakika na orodha hii?" akaniuliza.

"Nimehesabu mara mbili, mkuu."

Ruth hakwenda Singida.

Siku hizi nimestaafu, nalima alizeti Mwankoko. Mwaka huu nilialikwa Kilimatinde, nikakuta mwalimu wa fizikia ni Ruth. Pampu ni ileile, mpini umefungwa waya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akaniita mbele ya darasa, akaniomba nizibe tundu. Akasukuma. Vijana wakanikodolea macho.

"Inaunguza, mwalimu?"

"Kidogo," nikasema. Mazoea ya mnadani, kupunguza bei.

Akasukuma tena, bila haraka. "Kidogo kiasi gani?"

Nikatazama kidole changu, kisha nikamtazama yeye.

"Alama nne," nikasema. "Zilikuwa zako. Nilijua kabla sijapeleka orodha."